Vigae vya Vinundu

Fundi alivipanga vile vigae vya mistari shingo upande. Ya nini kukwaruza uwanja mpya wa watu? Na vile vya vinundu, vilivyotakiwa kuonya nyayo kabla ya ngazi za kushukia, vilipomwishia, aliziba kwa vigae laini.

Siku uwanja ulipofunguliwa, mama mmoja asiyeona alivua viatu, akaufuata mstari kwa nyayo, peke yake, katikati ya umati, kama anayekwenda jikoni kwake.

Fundi, aliyekuwa akitazama kando, alisahau kufunga mdomo.

"Aliyepanga hivi alinifikiria," mama alisema bila kumlenga mtu, akaendelea kuelekea ngazini.

Fundi alichomoka mbio, akapiga goti ukingoni, akaweka ngumi mbili sakafuni. Kidole cha mguu cha mama kikapapasa vifundo vya vidole vyake, kimoja kimoja, kikatulia.

"Ngazi?"

"Ngazi, mama," alijibu, asiondoe mikono.