Nyama ya Ngano

Maradhi yalikuwa yamemaliza mifugo yote ya mji. Na wachimba kaburi wa mji ule hawakushika jembe kabla ya kula nyama iliyopikwa na mfiwa; mifupa ya nyama hiyo waliipanga ukingoni mwa kaburi.

Mume wa Zamda, aliyekuwa mchinjaji, alikuwa amelala ndani ya sanda tangu jana, na jua lilikuwa kali. Basi mjane akakanda unga wa ngano, akaliosha donge ndani ya beseni. Maji yakawa meupe kama maziwa. Akayamwaga, akaosha tena na tena, mpaka likabaki pande linalovutika kama msuli. Akalichemsha kwa vitunguu na bizari, kisha akalikaanga.

Wachimbaji watatu wakaja, wakala. Makame, mkubwa wao, akalamba vidole.

"Tamu, shemeji. Mifupa iko wapi?"

Zamda hakuwa ameufikiria mfupa kabisa.

"Nyumba ya mchinjaji ikose mfupa!" mmoja akacheka.

"Funga domo, we! Hapa pana msiba," Makame akamkemea, lakini macho yake bado yalikuwa yakingoja jibu.

Zamda akaingia ndani, akatoka na kisu cha marehemu, kile chenye mpini wa mfupa. Akakiweka kwenye sahani tupu.

Makame akakishika mpini, akainuka, na mkono wake wa pili ukachukua jembe moja kati ya yale yaliyoegemezwa mlangoni, chini ya kofia zao zilizotundikwa.