Kikombe cha Ubatizo

"Shemeji, nibatize," alinong'ona mfungwa aliyetiwa pingu kitandani. "Padri hatawahi."

Muuguzi alijaza maji kikombe. Padri mwenyewe ndiye aliyewafundisha wauguzi: mtu akikaribia kukata roho, Mkristo yeyote anaweza kumbatiza, na dhambi zake zote zinafutwa.

"Hata ile ya dada yako?"

Dada huyo alikuwa mke wa ndoa wa mfungwa, naye mfungwa ndiye aliyemfungia stoo siku nne bila tone la maji, mpaka akafa.

"Hata hiyo, shemeji. Mbinguni mtakaa pamoja."

Mfungwa akatabasamu, akafumba macho, akatega paji la uso.

Hakuhisi kitu. Alipofumbua macho, muuguzi alikuwa anayanywa yale maji, taratibu, mpaka tone la mwisho.

"Kiu ni kitu kibaya, shemeji," alisema, akipangusa midomo.