Kidole cha Makame

Makame muuza nyama aliandika kwa siri mtandaoni, akiendeleza mapenzi ya wahusika wa tamthilia ya runinga. Mistari aliikata maneno matano matano, kwa kuwa mirefu ilimpoteza yeye mwenyewe.

"Baba, huyu mwandishi hachoshi macho," bintiye Tunu alimwambia buchani, akimpa simu. "Mistari mifupi hii hata wewe utaiweza. Jaribu."

"Soma, tupate maini na mahaba!" mteja akatania, Tunu akacheka.

Makame akafuta kidole kwenye aproni yenye mafuta, akakiweka chini ya mstari wa kwanza, akasoma. Hakukwama. Alifika mwisho wa kioo, akaendelea na maneno ambayo kioo kilikuwa bado hakijayaonyesha.

Tunu akaacha kucheka. Uso wa Makame ukawaka kwa aibu, na kidole chake kikabaki palepale, kikiacha alama ya mafuta juu ya neno busu.