Paka wa Nyumbani kwa Irungu

Kabla samaki wenu hajaiva, wageni wangu wa Bondo, sikieni jambo la kweli tupu, na leteni kitabu chochote niapie: mwaka wa 1986 mama mmoja alipanda basi Karatina, akateremka Kisumu, akaketi jikoni kwa mwanawe na kumngojea paka ambaye hakuwa amezaliwa.

Mwanawe aliitwa Irungu. Mwanamume mwenye msimamo, na mwenye sura ya kupendeza pia, kusema haki. Kampuni ilimleta Kisumu kusimamia duka la vipuri kwa miaka miwili, yeye na mkewe Gakenia na binti yao mdogo. Mtaniambia Karatina na Kisumu ni nchi moja. Kawaambieni watu wa kanisa lao, waliowaombea kwa machozi kana kwamba wanavuka bahari mbili. Walifungashiwa gunia la viazi, kabeji, na sweta tatu nzito. Sweta, Kisumu.

Mwihaki, mama yake Irungu, hakulia. Alimshika mjukuu mkono akasema, "Huko ng'ambo wanakula samaki, na sisi hatuli hiyo kitu. Siku nitanusa samaki kwa nyumba yenu, huyu mtoto narudi na yeye." Na Mwihaki hakuwa mtu wa mzaha. Aliwahi kumnyang'anya shemeji yake ng'ombe kwa kosa dogo kuliko hilo.

Ugenini ni ugenini. Jumapili walipanda vilima vya Riat kutafuta baridi. Wakipata upepo kidogo, Gakenia alifumba macho kama mtu aliyeitwa kwa jina la utotoni, na Irungu akamvalisha mtoto sweta kwa furaha. Ikinyesha mvua ya mawe ilikuwa sikukuu: wote barazani, chai mkononi, wakitetemeka kwa hiari.

Lakini viazi huisha. Na jirani yao alikuwa Apiyo, mwenye hoteli hii, ambaye siku hizo aliuza samaki wabichi pale soko la Kibuye. Jioni moja alipitisha bakuli juu ya ua.

"Onja tu, Mama. Haiumi."

Wiki iliyofuata Gakenia alikuwa sokoni, leso imemfunika nusu ya uso kama mwizi wa kuku, akiomba samaki mmoja, ngege.

"Ni ya paka," akasema.

"Ya paka," Apiyo akakubali, akimchagulia aliyenona. "Na huyo paka anatumia ndimu?"

Paka alikula vizuri mwaka huo. Alipenda nyanya, alipenda kitunguu, na ugali hakuukataa. Mtoto akanenepa. Irungu je? Irungu alikula viazi vyake. Nisikieni vizuri hapo: viazi.

Ndipo Mwihaki akaja bila kutuma neno. Alisimama mlangoni, pua ikatangulia ndani.

"Hii ni nini inanuka?"

"Ni ya paka, Mama," Gakenia akajibu.

"Paka iko wapi?"

"Imetoka kidogo."

"Nitaingojea." Akavuta kigoda, akaketi mbele ya sufuria. Kisha akaagiza nguo za mjukuu zote, akaanza kuzikunja na kuzipanga ndani ya kiondo chake, gauni juu ya gauni, bila haraka.

Gakenia alitoka kwa mlango wa nyuma, akapenya ua hadi kwa Apiyo. Apiyo akamtoa paka wake mvunguni.

"Shika. Lakini huyu, mama, mimi sijui kama ata..."

Gakenia hakungoja mwisho wa maneno.

Paka akawekwa mbele ya ngege. Sasa, huyo paka alizaliwa chini ya meza ya samaki, akalelewa kwa matumbo ya samaki, tangu asubuhi mpaka jioni samaki. Alimtazama ngege yule kama karani anavyotazama faili siku ya Jumatatu. Akampita. Akaenda kwenye kikombe cha Mwihaki, akalamba chai ya maziwa mpaka chini.

Mtoto alishika sketi ya mama yake kwa mikono miwili. Gakenia alitazama kiondo kile kilivyojaa, machozi yakamlenga.

"Kwa hivyo paka haikuli," Mwihaki akasema.

"Haikuli, Mama."

"Na chakula ya Mungu haitupwi."

"Haitupwi."

Mwihaki akanawa mikono. Akala upande mmoja, akamgeuza ngege, akala upande wa pili. Akanyonya kichwa mpaka kikabaki mfupa mtupu. Kisha akazitoa nguo za mjukuu kwenye kiondo, zote, ili apate nafasi ya samaki wa kukaushwa wa kupeleka Karatina.

"Ni ya paka," akasema.

Basi nyumba nzima ikaanguka, ikabaki nguzo moja. Irungu hakuonja. Jioni baada ya jioni, mama na mke na mtoto wakilamba vidole, yeye na kiazi chake. Na miaka miwili ilipokwisha alifunga mizigo, akaichukua jamaa yake akarudi kwao Karatina, mdomo msafi kama alivyokuja nao. Huyo ndiye mwanamume. Nyinyi vijana wa siku hizi mngepata hata robo ya moyo wa...

"Watu wa Bondo, msikize huyu na sikio moja," Apiyo akawaambia wageni wangu, akiweka sahani ya tatu mbele yangu. "Mzee Irungu, kula kichwa yako pole pole. Na Gakenia amesema leo umbakishie mkia."

Niliwalipia wote pale mezani, na mmoja wao, mnene kuliko wote, akaagiza tena.