Mashati Sita ya Jumamosi

Dobi aliliinua shati kwa ncha za vidole viwili, akaligeuza ndani nje, na kitu kikadondoka kwenye karai. Alikiinamia akakitazama vizuri. Ilikuwa pedi, zile za kina mama, imekunjwa katikati na kulowa hadi ikavimba.

"Ptu!" Akatema mate kando. "Mwanamume mzima anabandika pedi kwapani!"

Kwa miaka ishirini na tisa alikuwa amefua matapishi, damu na nepi za watoto wa watu, wala hakuwahi kukunja uso. Lakini mashati haya sita, yaliyoletwa kila Jumamosi na kijana mmoja mrefu, yalimchafua roho. Kwa mbali meupe. Ukiyasogelea, kila kwapa lina duara la njano lililokauka likawa gumu kama ukoko, ukilikuna linapukutika. Harufu yake ilikuwa ya kitunguu kilichoozea ndani ya kiatu, na ilimfuata dobi mpaka kwenye chai yake.

Kijana mwenyewe hakuwa na maneno mengi. Siku ya kwanza alisema tu, "Madobi wengine wameshindwa, mzee. Nimeambiwa hakuna anayeyaweza ila wewe."

Sifa hiyo ndiyo iliyomponza dobi. Akayapokea. Aliyaloweka kwenye siki na magadi, akayasugua kwa mswaki hadi vidole vikamwasha, na Jumatatu yakatoka meupe pe. Jumamosi yakarudi vilevile.

"Mtu anayetokwa na jasho namna hii," kijana aliuliza siku moja, macho chini, "kuna dawa yoyote unayoijua, mzee?"

"Dawa ni maji na sabuni," dobi akamjibu. "Wala huhitaji cheti cha daktari."

Kijana alishukuru, akaenda zake.

Siku ile ya pedi, dobi alirudi nyumbani na kisa kimemjaa kifuani. Waliishi wawili tu, yeye na binti yake. Mama mtu alifariki binti akiwa na miaka minne. Binti alifanya kazi mapokezi ya hoteli. Sare zilifuliwa huko huko, alisema, na kila akirudi alipitiliza bafuni kabla hata ya kumwamkia baba yake. Dobi alijivunia sana usafi huo. Alimlea peke yake, na hakuona alipokosea.

"Leo nimekuta pedi," alisema mezani, akicheka. "Yule mtu ana kisima kwapani, mwanangu. Hata mbuzi dume hawezi kulala naye zizi moja."

"Baba, tunakula."

"Na mtu kama huyo naye utasikia anatafuta mwenza!"

Binti alisukuma sahani yake kando. Akajitanda mtandio vizuri mabegani, ingawa joto lilikuwa la kutoa roho, akaanza kukusanya vyombo.

Wiki mbili baadaye alimwambia baba yake kwamba kuna mtu angependa kuja kumwona. Dobi nusura aruke. Binti alikuwa ametimiza miaka thelathini na moja bila kumleta mtu yeyote nyumbani, wala kumtaja. Uzee nao ulikuwa umeshaanza kumpigia dobi hodi, na usiku mwingi alilala akijiuliza ni nani atakayebaki na mtoto wake. Alinyoa ndevu. Alipiga pasi kitambaa cha meza mara mbili.

Jumapili, saa tisa mchana, mlango ukabishwa. Dobi akafungua akiwa na tabasamu tayari usoni. Mlangoni alisimama yule kijana mrefu wa mashati, mfuko wa matunda mkononi.

"Wewe!"

"Shikamoo, mzee," kijana alisema.

Dobi hakuitikia. Alimkagua kuanzia kola kushuka chini. Shati la bluu, na makwapa yake makavu kabisa, na jua lote lile! Hilo ndilo lililomuudhi zaidi. Kumbe akitaka anaweza.

"Unamjua huyu?" Alimgeukia binti yake. "Unajua anachobandika kwapani?"

"Baba, nisikilize kwanza..."

Kijana alimtazama binti, akatikisa kichwa kidogo. Dobi akamrudia kijana.

"Wewe ndiye mwenye kuniletea yale mashati, au nimekufananisha?"

"Ni mimi ninayeyaleta, mzee."

"Basi toka. Huyu ni mtoto wangu wa pekee. Nimemsomesha kwa mikono hii hii, sikumlea aje kulala ndani ya uvundo. Toka, na matunda yako!"

Kijana aliuweka mfuko chini taratibu, kando ya mlango.

"Samahani kwa usumbufu, mzee," alisema, na akaondoka bila kugeuka nyuma.

Dobi alifunga mlango, akafungua madirisha yote mawili, akachukua gazeti na kuanza kupepea sebule.

"Siku moja utanishukuru," alisema. "Mimi nakutana na uchafu ule mara moja tu kwa wiki na chakula hakipiti. Wewe ungeuvumilia vipi kila siku ya Mungu? Mtu wa hivyo hafai kukaa na watu."

Binti hakulia. Alivua mtandio, akautundika kwenye mgongo wa kiti, kisha akainua mikono yake yote miwili juu. Blauzi yake nyeusi ilikuwa imelowa chapachapa, kuanzia kwapani hadi kiunoni.

"Mashati ni yangu, baba," alisema. "Haya, nifukuze na mimi."