Pembetatu ya Mma Seloilwe

"Bado pamebanana, mwanangu," alisema Mma Seloilwe kwenye simu, kwa mara ya tano wiki ile. "Hapo juu katikati. Ondoa kila kitu."

Oteng aliitazama kompyuta yake, akatamani kulia. Pamebanana nini? Vitufe vya programu ile ya kusajili alama za ng'ombe alikuwa amevipanga kwa kupima: nafasi sawa kushoto, sawa kulia, kila kisanduku kimenyooka na mwenzake. Chuoni angepewa mia kwa mia.

Lakini chuoni hakukuwa na Mma Seloilwe. Mama huyu alikuwa karani mkuu wa ofisi ya mifugo, mwendo wa saa sita kwa basi kutoka Gaborone, na bila sahihi yake programu haipokelewi. Isipopokelewa kufikia Ijumaa, Oteng, aliyekuwa bado kwenye miezi ya majaribio, anafungasha virago. Bosi wake, Rra Moatlhodi, alimwambia hivyo huku anakula karanga, wala hakuacha kutafuna.

"Sasa Mma, kitufe cha kutafuta nikiweke wapi?"

"Pembeni. Pembeni kuna nafasi tele."

Akakipeleka pembeni. Kesho yake simu ikalia tena.

"Afadhali. Ila jina la programu nalo lishushe. Na hapo katikati pasiwe mraba, jamani! Pawe papana juu, pakishuka pachongoke. Chukua kalamu."

Akamtajia vipimo kwa vidole: juu upana wa vidole kumi, kushuka chini vidole saba, na ukingo wote wa juu uachwe vidole viwili. Alivitaja bila kusita. Kisha Oteng akamsikia akinong'ona, "Kumi na nane, kumi na tisa..."

"Unahesabu nini, Mma?"

"Ngoja kwanza, utanipoteza!"

Oteng aliweka kalamu chini. Kumbe anahesabu nafasi, moja moja! Huyu si karani, huyu ni fundi, na yeye wiki nzima alikuwa anamwona bibi msumbufu. Aliona haya.

Alhamisi akavunja kila alichofundishwa. Vitufe vikateremka kwa ngazi upande huu na upande ule, katikati pakabaki pembetatu tupu, nyeupe. Akaituma, akashika tama.

"Hapo sasa!" Mma Seloilwe alipiga kigelegele hadi Oteng akaisogeza simu mbali na sikio. "Naona kila kitu! Njoo kesho, nakutilia sahihi."

Rra Moatlhodi alikuja akasimama nyuma ya kiti. Safari hii aliacha kutafuna.

"Hii umeitoa wapi?"

"Kwa mteja, Rra. Anasema... jicho linataka pa kupumzikia." Mma Seloilwe hakusema hivyo hata siku moja, lakini ilibidi kuwe na jibu.

"Aisee!" Bosi akawaita wote. "Njooni muone! Mama wa watu huko mashambani anatufundisha kazi, na ninyi na vyeti vyenu mmekaa tu!" Kabla ya chakula cha mchana alikuwa ameshaamuru programu zote za kampuni, ya zahanati, ya shule, hata ya duka la saruji, zitiwe pembetatu.

Ijumaa Oteng alipanda basi la alfajiri. Mma Seloilwe alimpokea barazani kwa chai na magwinya, maandazi ya kwao, ya moto, akaweka karatasi kwenye goti na kutia sahihi kubwa ya madaha. Akawaita wenzake wamsalimie kijana pekee wa mjini mwenye masikio. Oteng aliikunja karatasi, akaitia mfukoni, akapumua. Kazi anayo.

"Mma, nionyeshe basi unavyoitumia."

"Karibu ndani, mwanangu."

Kompyuta ilikuwa juu ya meza, imepanguswa ikang'aa. Kutoka ukingo wa juu kitambaa cheupe cha kufuma kilikuwa kimeteremka mbele ya kioo, kikachongoka katikati hadi kwenye ushanga mmoja wa buluu, na vitufe vyote vya Oteng vimekizunguka bila hata kimoja kufunikwa.

"Hicho usikiangalie sana, kimeshachakaa," alisema Mma Seloilwe, akitoa uzi na sindano mkobani. "Kipya namaliza mwezi ujao. Kina ncha tatu."