Mapaja ya Wachuka

Asubuhi hiyo maji ya ziwa yalikuwa yameingia nyumba za mtaa wa Kihoto hadi usawa wa vitanda. Wachuka, aliyekuwa akilala njaa kwa hiari ili mapaja yapungue, alichuchumaa ili mama yake apande mgongoni, akamfunga kwa leso kama mtoto.

"Kweli utaniweza?" mama aliuliza.

Wachuka akainuka. Mapaja aliyoyaficha miaka yote ndani ya sketi ndefu yalikaza, yakapanda naye bila kutetemeka. Alishangaa, kana kwamba kuna mtu mwingine chini yake anayewabeba wote wawili.

"Hizo miguu ni za shosho wako, aliyenizaa mimi," mama alimnong'onezea.

Walipofika pakavu, akamteremsha. Nyuma yao, jirani mzee alipunga mkono dirishani.

Wachuka akapandisha sketi, akaifunga kiunoni mbele ya watu wote, akarudi majini.